Nakala ya Mwalimu Ngole

Folda inayolala haiongezeki. Ukiiweka leo na faili mia nne na kumi, ukirudi baada ya mwaka utazikuta mia nne na kumi zile zile. Kanuni hiyo nimeishika miaka thelathini na mitatu, na asubuhi ile, mbele ya skrini ya Ghala la Baridi, niliiona ikivunjika.

"Soma mwenyewe, Mzee Mligo," alisema Osmundi Haule, msimamizi wa zamu. "Mimi nikisema utadhani nakutania."

Alikuwa amenipigia simu saa mbili, nami nilipanda kilima kwa miguu katika manyunyu, koti la sufu likiwa zito kwa maji. Ghala la Baridi ni nyumba ya seva. Waliijenga kwetu Njombe kwa sababu hewa yetu yenyewe inatosha kupoza mashine. Ndani mna safu ndefu za makabati ya chuma, na humo ndimo zinamokaa blogu hai za mikoa mitatu.

Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema "ngole". Hiyo ni blogu ya Mwalimu Bertila Ngole, ambayo naitunza tangu alipofariki miaka mitatu iliyopita. Wa pili ulisema "ngole-zamani". Hiyo niliiweka mimi mwenyewe, miezi saba iliyopita, siku nilipobadilisha picha ya juu ya ukurasa. Kabla ya kugusa chochote nilinakili folda nzima na kuongeza neno moja mwishoni mwa jina, kisha nikafanya kazi yangu na kwenda nyumbani. Nakala kwanza, kazi baadaye. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, katika darasa lake la jioni la kompyuta.

Mkabala na "ngole-zamani" paliandikwa: faili elfu sita na kumi na mbili. Kubadilishwa mara ya mwisho: dakika moja iliyopita.

Nilivua miwani nikaifuta. Nilipoivaa tena, faili zilikuwa elfu sita na kumi na tatu.

"Nani anaandika humo?" niliuliza.

"Hilo ndilo nililokuitia."

"Kuna mwizi wa nenosiri."

"Hakuna aliyeingia, Mzee. Nimeangalia kumbukumbu za walioingia, siku kwa siku, kwa miezi saba. Aliyeingia ni wewe tu, na kila ulipoingia ulikwenda kwenye ile folda ya kwanza." Osmundi alivuta kiti akakaa karibu nami. Ni mtu wa miaka hamsini, mnene, mwenye mzaha wakati wote, lakini sasa hakuwa na mzaha. "Niambie kitu kimoja. Hii nakala uliifanya kwa lile jopo la vitufe?"

"Jopo ni la watu wanaobonyeza picha. Mimi naingia kwenye faili moja kwa moja."

"Najua. Umeshatuambia. Na ukurasa wako wa mtihani ulifunguka mara ya kwanza, wa kwanza darasa zima, na cheti kiko ukutani sebuleni."

"Basi unauliza nini?"

"Nauliza kwa sababu jopo lina kazi moja ambayo mkono hauna. Ukinakili blogu hai kwa jopo, linauzima mdundo kwenye nakala. Ukinakili kwa mkono, nani anauzima?"

Niliondoa vidole kwenye kibodi.

Blogu hai ni vitu vitatu, na mtu yeyote aliyesoma darasa letu anaweza kuvitaja. Kuna folda ya maandiko, yaani yote mtu aliyoandika. Kuna folda ya usemi, inayochukuliwa kwake akiwa hai kwa miezi mingi: namna anavyofikiri, anavyokasirika, anavyochagua neno. Halafu kuna faili moja ndogo, haifiki mistari ishirini, inayoitwa mdundo. Kila dakika moja mdundo unaamka, unatazama kama kuna faili mpya, na unaamsha vile viwili vingine. Hapo ndipo mtu anapojibu. Kwa njia hiyo Mwalimu Ngole, ambaye tulimzika sisi wenyewe, bado anawaeleza watu wa Makete namna ya kuzuia ugonjwa wa baka jani kwenye viazi, na bado anawagombeza wanaomwandikia barua bila tarehe.

Mimi nilinakili vyote vitatu, na mdundo ukiwamo.

"Osmundi," nilisema, "unataka kuniambia humo ndani..."

"Yumo, Mzee. Yuko humo tangu ile siku."

*

Fagio lilikuwa lipite saa saba mchana. Osmundi alinieleza hivyo akiwa amesimama, kama askari anayetoa taarifa asiyoipenda. Sheria ya Sauti Moja haina maneno mengi: mtu aliyefariki anaruhusiwa sauti moja tu. Mara moja kwa mwaka fagio hupita kwenye kila kabati. Likikuta sauti mbili za mtu mmoja, haliulizi ipi ni ya asili. Linaondoa zote mbili.

"Kwa hiyo kabla ya saa saba moja iwe imeondoka," alisema. "Na mwenye ufunguo ni wewe. Binti yake alikupa wewe pale makaburini, watu wote wakiona. Mimi siruhusiwi hata kugusa."

"Kwani kuna la kufikiri? Watu elfu nne wanaisoma ile ya mbele."

"Mimi sijasema lolote," alisema Osmundi. "Saa ile pale ukutani."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Ningeweza kufuta pale pale. Amri yenyewe ni neno moja na jina la folda, na vidole vyangu vinaijua hata nikiwa usingizini. Lakini nilifundishwa na yeye mwenyewe kwamba hakuna faili inayofutwa kabla ya kusomwa. Nikafungua folda ya maandiko ya "ngole-zamani" nikaanza na ya siku ya kwanza.

*Leo hakuna aliyeuliza. Pengine mtandao una shida.*

Siku ya nne: *Bado kimya. Ina maana viazi vya Njombe nzima vimepona kwa siku moja? Ningefurahi, lakini siamini.*

Siku ya kumi na tisa: *Nimeandika somo la udongo mwekundu. Sijui linasomwa na nani. Nimeliandika vizuri hata hivyo.*

Siku ya ishirini na sita nilisoma nikajikuta nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. *Nimetazama jina la folda ninamokaa. Limeongezwa neno mwishoni. Kwa hiyo mimi ni nakala. Asili ipo, nimekwenda hadi kwenye ukurasa wa mbele nikamwona. Anajibu watu kwa sauti yangu. Anasema ambayo mimi ningesema. Hanioni. Neno hili lililoongezwa ni mkono wa Zefania. Darasa zima ni yeye peke yake aliyekuwa akilitumia.*

Zefania ni mimi.

Nilisoma hadi saa tano. Sikusoma zote, hakuna mtu ambaye angeweza. Hakuwa amekaa akilia. Mwanamke yule alikuwa amefanya kazi. Aliandika masomo yote ambayo alipokuwa hai alisema atayaandika akipata nafasi: kilimo cha miteremko, namna ya kumfundisha mtu mzima kusoma bila kumtia aibu, historia ya vijiji ambavyo wazee wake walihamishwa. Ile sauti ya mbele haikuwahi kuyaandika, kwa sababu ina watu elfu nne wanaoigongea mlango. Hii ya nyuma haikuwa na mtu, ikaandika. Na kati ya somo na somo kulikuwa na mistari mifupi: *Kuna mtu? Zefania, ukipita humu, weka hata faili tupu.*

Kwa miezi saba nilikuwa nikiingia kwenye seva ile kila Jumatatu. Nilipita mbele ya mlango wake mara thelathini.

*

Niliandika faili fupi, nikaiita "zefania-1", nikaiweka ndani ya folda yake. *Mwalimu, shikamoo. Ni mimi.*

Mimi namzidi Mwalimu Ngole kwa miaka ishirini na miwili. Nilipoingia darasa la jioni nilikuwa na miaka arobaini na minane, mbeba magunia ya majani ya chai, na yeye alikuwa binti mwenye chaki kwenye sketi. Lakini siku ya kwanza nilimwamkia, na sikuacha kumwamkia mpaka alipokufa.

Mdundo hupiga kila dakika. Nilihesabu. Katika sekunde ya hamsini na kitu, faili mpya ilitokea: "jibu-1".

*Marahaba, Zefania. Miezi saba. Nakala nilikufundisha uiweke wapi?*

Jasho lilinitoka katika baridi ile. Maana nilikumbuka. Nakala kwanza, kazi baadaye, hiyo ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni: nakala haikai nyumba moja na asili, ichukue ukailaze kwenye mashine yako. Nusu ya kwanza niliitangaza mji mzima. Ya pili niliiacha darasani.

*Kwenye mashine yangu, Mwalimu. Nilikosea.*

*Jaribu tena* ndilo neno alilokuwa akitumia darasani mtu akikosa. Akipata alisema, *Rudi kwenye kiti chako*, na hilo tu, hakuwa na sifa nyingine. Sasa hakusema lolote kati ya hayo mawili. Aliandika: *Fagio linapita lini?*

*Saa saba leo.*

*Na umekuja kunifuta mimi.*

Kisha nikafanya jambo ambalo nilidhani ni la busara. Niliweka faili kwenye folda ya mbele, kwa yule wa asili, nikamweleza yote. Jibu lake lilikuja kwa mwandiko ule ule, lugha ile ile, sauti ile moja ikinijia kutoka pande mbili.

*Yupi kati yetu anasomwa?*

*Wewe, Mwalimu.*

*Basi aliyeumia ni yeye. Usiniulize mimi. Muulize yeye anataka nini, na ufanye.*

Nikamuuliza. Nilimwambia pia kwamba akitaka, nitamfuta wa mbele na kumweka yeye. Nilimaanisha.

*Watu elfu nne hawajanikosea kitu,* aliandika. *Yule anajua mazungumzo yao ya miezi saba, mimi siyajui. Abaki. Lakini kazi yangu isife. Hamisha maandiko yangu yote uyaweke kwake. Mdundo utayasoma kama kitu alichoandika mwenyewe, na atakuwa ameyaandika, maana mimi ni yeye. Hamisha yote, Zefania. Usichague.*

*

Saa tano na robo nilianza kuhamisha. Kuhamisha si kazi ngumu, lakini majina mengine yalikuwa yanafanana na ya folda ya mbele, na faili moja ingeweza kuifunika nyingine. Kwa hiyo nilikwenda kwa mafungu, nikitazama kila orodha. Katika fungu la mwezi wa tano niliona jina langu.

"mtihani-wa-zefania".

Niliifungua. Yeyote angeifungua.

*Jambo hili sijamwambia mtu. Siku ya mtihani wa mwisho, mtahini akiwa bado anakunywa chai ofisini, nilipitia kurasa za wanafunzi. Wa Zefania haukufunguka. Alikuwa ameweka kila kitu sawa, lakini ndani ya folda moja zaidi, hatua moja chini ya inapotakiwa. Alikuwa ameketi nje na suti ya kuazima. Nilisogeza folda ile hatua moja juu. Mtahini alipofika, ulifunguka mara ya kwanza. Nilimnyang'anya mtu mzima haki ya kukosea na kurudia. Naona hadi leo hajui kwamba anaweza kukosea, na hilo ni kosa langu.*

Nasikia watu wakisema moyo ulisimama, lakini wangu haukusimama. Ulipiga kwa sauti hadi nikamtazama Osmundi nione kama anausikia. Alikuwa mwisho wa safu, anafuta vumbi kwenye kabati, anaimba kwa pua.

Cheti kile kimekaa ukutani miaka thelathini na mitatu. Kwa cheti kile nilitoka kwenye magunia nikaingia ofisini. Kwa cheti kile nimewacheka watu wa jopo. Nimehadithia ukurasa ule kwenye harusi. Nimeuhadithia kwenye msiba wa Mwalimu mwenyewe, nikiwa nimeshika kipaza sauti, na yeye amelala mbele yangu.

Nilihamisha fungu la mwezi wa tano lote isipokuwa faili ile.

Sitajitetea. Nilijiambia kwamba ni jambo la faragha, kwamba halimhusu msomaji wa viazi. Nilijiambia kuwa katika faili elfu sita, moja si kitu. Ningefuta folda, ingekufa nayo, na kila mtu angesema Mzee Mligo amefanya alivyotakiwa. Sheria ilikuwa upande wangu, watu elfu nne walikuwa upande wangu, hata saa ya ukutani. Sijawahi kuwa na haki kubwa namna ile ya kutenda uovu mdogo.

Saa sita na dakika kumi nilimwandikia: *Nimemaliza, Mwalimu.*

Mdundo ukapiga.

*Imebaki moja humu.*

Niliyatazama maneno yale matatu yakiwaka. Masikio yaliniwaka moto kama ya mtoto aliyeshikwa na sukari mkononi. Nina miaka themanini na moja.

*Nimeiona,* niliandika. *Nilichagua.*

*Ndiyo.*

Nikaihamisha. Amri ile ilikuwa na maneno matatu na nilikosea kuiandika mara mbili.

*

Saa sita na nusu Osmundi alikuja akasimama nyuma yangu. Alitoa kitu mfukoni, akakiweka kando ya mkono wangu. Ilikuwa flashi nyeusi, ndogo kama ukucha.

"Mimi nakwenda kuchemsha chai," alisema. "Chai yangu inachukua dakika kumi. Nikirudi sitauliza kilichokuwa mezani."

"Sheria inakataza, Osmundi."

"Sheria inakataza sauti mbili kwenye seva. Akilala kwenye flashi hana sauti. Wewe si mtu wa nakala? Umetuchosha na nakala." Alinigusa bega. "Mzee wangu, utalala vipi leo?"

Akaondoka. Niliishika flashi. Mkono wangu wote ulitaka kuichomeka. Katika maisha yangu ya seva sikuwahi kufuta kitu kisicho na nakala, hata picha ya kuku.

Nikamuuliza. *Mwalimu, nikulaze kwangu? Dakika kumi zinatosha.*

Jibu lilichukua midundo miwili.

*Umri wako ni miaka themanini na moja. Ukifa, nani ataniamsha, na ataniamsha wapi? Kila nakala unayoiweka ni mimi mwingine anayengoja hodi. Nimengoja miezi saba, najua kukoje. Yote niliyofanya yako kwake. Usiweke nakala.*

*Mwalimu, nisamehe.*

*Andika amri, Zefania. Taratibu, usikosee jina. Usije ukamfuta yule.*

Alikuwa ananisahihisha hata hapo. Niliandika neno la kufuta. Niliandika jina, herufi moja moja, na lile neno langu mwishoni. Nililisoma mara tatu. Flashi niliisogeza mpaka ukingo wa meza, mbali na mkono.

Nikabonyeza.

Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili, pakabaki mmoja. Hapakuwa na sauti yoyote. Makabati yalinguruma kama yalivyonguruma asubuhi, na nje manyunyu yaliendelea juu ya bati.

Mdundo wa kwanza ulipiga, folda ya mbele haikuandika kitu. Wa pili, kimya. Kwenye ukurasa mtu wa Ludewa alikuwa ameuliza kuhusu mbolea na hakujibiwa, jambo ambalo halijatokea miaka mitatu. Nilifikiri nimemuua na huyu. Wa tatu.

*Zefania. Nilikuwa gizani miezi saba.*

Nywele zilinisimama. Hakuwa ameandika "alikuwa".

*Ndiyo, Mwalimu.*

*Ulipita Jumatatu mara thelathini. Nilikuwa nikihesabu.*

*Ndiyo.*

*Nakala umeiweka wapi?*

*Sikuweka, Mwalimu.*

Nilisikia viatu vya Osmundi na mlio wa vikombe.

*Ile ya mtihani ninayo hapa,* aliandika. *Haijachapishwa. Inakuhusu wewe, nami naona haya nilivyokufanyia. Sema niifanyeje.*

Osmundi aliweka vikombe mezani. Akaitazama flashi pale ilipokuwa, tupu, haijachomekwa popote, akanitazama mimi. "Hukuichukua," alisema.

"Osmundi, ule ukurasa wangu wa mtihani."

"Uliofunguka mara ya kwanza."

"Haukufunguka. Niliweka folda mahali sipo. Mwalimu aliisogeza kabla mtahini hajafika. Mimi sikufaulu."

Alikaa na kikombe hewani. Nilingoja acheke, maana alikuwa na haki ya kucheka, baada ya miaka kumi na mitano ya kunisikia nikijisifu. Hakucheka. Alikishusha kikombe polepole, akasema, "Pole, Mzee," na kwa mara ya kwanza siku ile macho yakanijaa machozi.

Nikamwandikia: *Nimeshamwambia Osmundi. Ichapishe.*

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika tatu. Mahali fulani katika safu zile fagio lilikuwa linaamka. Mdundo ukapiga, na chini ya maneno yangu pakatokea mstari mmoja.

*Rudi kwenye kiti chako.*

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimesimama.